Lugha Wanayoulizwa Wafu

Mimi si mtu wa kukaa. Katika maktaba zote nilizofanyia kazi, watu walinizoea nikisoma nimesimama, kitabu kimelala mezani na mimi nimekiinamia, mguu mmoja uko tayari kuondoka. Katika nyumba zote nilizopanga, sanduku langu lilikaa nyuma ya mlango, nusu limejaa. Mwanamume mmoja mwema aliyetaka kunioa alisema kuishi na mimi ni kama kuishi kwenye kituo cha treni. Nilimjibu kwamba mimi ni mtoto wa Kindu, na kwetu kituo kipo, treni ndiyo haina siku. Hakucheka, na mimi sikungoja acheke.

Kazi yangu ni Kisuriani, lugha ambayo Wakristo wa kale wa Mashariki, tangu Siria mpaka Iraki, waliandikia nyimbo zao, tiba zao na habari za vita vyao. Nimeifundisha, nimeiandikia vitabu, nimekohoa vumbi lake miaka mingi. Kila niendako swali ni lile lile: binti wa Kiislamu kutoka Kindu ya Maniema, mashariki ya Kongo, alifikaje huko? Nina jibu la adabu la kutolea kwenye mikutano, linahusu uzuri wa herufi. Ni la uongo. Nilijifunza Kisuriani ili nimpelekee baba yangu majibu kaburini, na sikuyafikisha. Mama hakulisahau jambo hilo. Alipoanza kuumwa ugonjwa ambao sote tulijua ni wa kumwondoa, alinipigia kwa simu ya mama mdogo akasema nije nimalize ile kazi kabla hajafa.

Kwa asiyejua desturi yetu, nieleze. Maiti akishafukiwa, watu hawatawanyiki papo hapo. Mwalimu huchuchumaa upande wa kichwa, akamwita marehemu kwa jina lake na la mama yake, akamkumbusha: watakuja malaika wawili wakuulize Mola wako ni nani, nabii wako ni nani, kitabu chako ni kipi, usiogope, jibu hivi na hivi. Hiyo ndiyo talkini. Wapo siku hizi wanaosema haina msingi, sigombani nao. Kwetu Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ng'ambo ya mto, kumzika mtu bila talkini ilikuwa sawa na kumpeleka mtoto kwenye mtihani bila kumwambia kuna mtihani.

Baba ndiye aliyekuwa akiisoma. Alikuwa mwalimu wa chuo, watoto wakikariri Kurani barazani kwetu tangu asubuhi. Katika miaka ya vita, mji ulipozingirwa, watu hawathubutu kwenda mashamba, karibu kila siku aliitwa makaburini. Alirudi na udongo kwenye kanzu, akanawa, akakaa, kisha akatoa taarifa. Mzee fulani hana wasiwasi naye, atajibu vizuri. Kijana fulani amemsomea mara mbili, kwa sababu chuoni alikuwa mtoro. Mama alimkemea kwamba anasengenya maiti. Baba alisema hiyo si kusengenya, ni mwalimu kumjua mwanafunzi wake.

Kisha homa ikamshika yeye. Dawa hazikuwepo, hata chumvi ilikuwa imegeuka dawa, mtu akiilamba kidogo na kuifunga tena kwenye kitambaa. Alikufa asubuhi, wakamwosha, wakamsalia, wanaume wakambeba. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kama desturi ilivyo. Hazikupita dakika nyingi tukasikia risasi upande wa makaburi. Mama hakulia wala hakulala chini kama wengine. Alisimama mlangoni akatazama njia.

Wanaume walirudi mapema mno. Walikuwa wakikimbia, na walipoikaribia nyumba wakaanza kutembea, kwa heshima. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Yule aliyekuwa mwanafunzi mkubwa wa baba, ambaye ndiye angesoma talkini siku hiyo, hakumtazama mama usoni.

“Mumemaliza?” mama akauliza.

“Tumefukia, mama.”

Hakusema wamemaliza. Mama alielewa, na mimi nilielewa kwa kumwangalia mama. Baba aliyewafundisha nusu ya wafu wa Alunguli jinsi ya kujibu, yeye mwenyewe aliachwa bila kukumbushwa na mtu.

Makaburi yalikuwa sasa upande wa askari, hakuna aliyeweza kurudi huko. Siku zilizofuata wakamsomea kutoka msikitini, kwa mbali. Mama aliwashukuru sana. Tulipofika nyumbani alisema kusomea mtu mbali namna ile ni kumwita kiziwi. Kisha akaja mzee mmoja wa msikitini kutufariji. Alisema tusihuzunike, kwa maana wapo wanazuoni wa kale waliosema malaika wale hawaulizi kwa Kiarabu wala kwa Kingwana, Kiswahili chetu cha Kongo, huuliza kwa Kisuriani, na Mungu kwa rehema yake humfahamisha kila mja. Mzee wa watu alikusudia tushike hiyo nusu ya pili. Mimi nilishika ya kwanza.

Baba alijua Kiarabu. Alijua Kingwana, Kikusu, na Kifaransa cha kuombea kibali. Kisuriani hakuwa nacho hata neno. Basi huko aliko anaulizwa kwa lugha asiyoijua, na hakuna aliyemtonya. Tangu saa ile sikuweza kukaa. Nilikuwa nikianza kuosha sahani naziacha, nikianza kula nasimama, na mama akasema mtoto huyu amekalia siafu.

Parokia ya jirani ilikuwa na padri mzee, mtu wa Maniema hii hii, aliyetumwa kusoma Mashariki alipokuwa kijana. Mtaani walisema anajua kusali kwa lugha ya Nabii Isa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo, yeye mwenyewe, mpishi wake alikuwa ameshakimbia. Nilisimama mbali kidogo, mahali ambapo ningeweza kutoroka.

“Padri, unajua Kisuriani?”

Akauliza ni nani aliyenituma. Nikasema baba.

“Baba yako si alikufa?”

“Njo maana.”

Aliuweka mchi chini. Nilimweleza yote: risasi, kiatu kimoja, malaika, lugha. Nilikuwa namtazama mdomo, maana angetabasamu tu ningeondoka nisirudi tena. Hakutabasamu. Alisema katika dini yake hajapata kusikia wafu wakiulizwa hivyo, lakini kama kuna mtu anangojea jibu, si vizuri kumngojesha.

Nilitaka sentensi tatu tu, jibu moja kwa kila swali, nizibebe niende zangu. Alikataa. Alisema lugha haiibwi kama embe moja juu ya ukuta, ni lazima mtu apite mlangoni. Mlango ulikuwa kitabu cha sarufi kilichobaki peke yake rafuni. Biblia zote zilikuwa zimeporwa na askari, karatasi yake nyembamba inafaa kwa kuviringia tumbaku. Ya kitabu hiki ilikuwa nene, haivutiki. Basi alitwanga, mimi nikaandika kwa mkaa juu ya saruji ya baraza: alaf, bet, gamal, dalat. Kila kishindo cha mchi kilinifanya niruke. Mwanzoni aliniambia nikae, baadaye akachoka, akanifundisha nimesimama. Ndiyo asili ya ule usomaji wangu ambao wenzangu wa maktabani waliudhani maringo.

Miezi ilipita hivyo. Nilipokwenda kuchota maji nilikuwa natembea nayo mdomoni, Alaha, Alaha, na wanawake kisimani wakafikiri njaa imenipanda kichwani. Nilipozijua sentensi zangu tatu barabara, njia ya makaburini nayo ikafunguliwa. Tulikwenda mimi na mama. Nilikuwa nimevaa gauni la Idi.

Majani yalikuwa yamenipita urefu. Mbao za alama zilikuwa zimeng'olewa kwa kuni, na ardhi ilikuwa imetitia hapa na pale, hujui lipi kaburi lipi shimo tu. Mama alizunguka akisema ni hapa, hapana, ni pale, kulikuwa na kichuguu. Alizunguka mpaka khanga yake ikajaa mbegu za majani. Mwishoni akasema twende nyumbani. Sikuyatamka yale majibu. Niliogopa nikiyasema ovyo atayachukua mtu mwingine.

Baada ya hapo Kindu ilinikataa, au mimi niliikataa, sijui. Padri aliniombea nafasi ya shule Kisangani, nikaenda nyuma ya baiskeli ya mchuuzi kupitia Lubutu, matope mpaka magotini. Kutoka Kisangani nikaenda mbali zaidi, kisha mbali zaidi. Nilisomea chuo hiki nikahamia kile, nikakaa mji wenye theluji, nikakaa mji wa jangwa ambako watawa walinionyesha vitabu vilivyoandikwa kwa wino mweusi kama masizi. Waandishi wa Kisuriani wana mazoea ya kuandika maneno machache ya kwao ukurasa wa mwisho: nimemaliza kitabu hiki mwaka wa njaa, jeshi limepita, anayesoma aniombee. Nilijulikana kwa ajili ya kurasa hizo. Wenzangu walizisoma kama historia. Mimi nilizisoma kama habari za mtaani kwetu, na kila nilipomaliza moja nilitaka kuondoka mahali nilipokuwa.

Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba yale ya malaika hayamo. Katika vitabu nilivyoshinda navyo, wafu wamelala. Wamelala usingizi mzito mpaka siku ya kufufuliwa, na hakuna anayewagonga bega kuwauliza kitu. Nilijenga kazi nzima juu ya kosa la mtoto aliyesikia nusu ya faraja. Sijutii kazi yenyewe. Lakini ilinichoma kwamba nilijua lugha nzima, na mtu niliyemjifunzia hakupata hata neno.

Mwaka huu nilishuka uwanja wa ndege wa Kindu na tiketi ya kurudia mfukoni. Pikipiki ikanipeleka mtoni, mtumbwi wa mashine ukanivusha Alunguli. Mama alikuwa amelazwa kwenye godoro barazani, pale pale chuo kilipokuwa, miguu imevimba na pumzi inakuja kwa taabu. Mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Nilimshika mkono mama, nikalia kidogo. Aliniacha nilie, kisha akaniuliza kama nimekuja na ile lugha. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama umekumbuka sukari.

Nilimwambia ukweli, kwa sababu nina kasoro hiyo. Nilisema wanazuoni walihitilafiana, wengi walisema kila mtu huulizwa kwa lugha yake. Nikasema wenye Kisuriani chao wenyewe waliandika kwamba wafu wamelala.

“Baba yako hakukuwa muntu wa kulala,” mama akasema. “Kaa chini, unanizungusha kichwa.”

Nikakaa, nikasimama, nikakaa. Tukaanza. Nilimwambia Mungu ni Alaha. Akafungua jicho moja. Nikamwambia nabii ni nbiya, kitabu ni ktaba, na nani ni man, kama Kiarabu. Akafungua jicho la pili, akanitazama kwa shaka, kama mtu aliyeuziwa kuku wake mwenyewe.

“Sasa njo hii ulienda kutafuta kwa Wazungu miaka yote?”

Mama mdogo, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, alicheka mpaka akamwaga ungo. Nilijaribu kueleza kwamba lugha hizi ni ndugu, zimetoka tumbo moja. Mama alisema kama ni ndugu basi zinajuana, tuendelee.

Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Asubuhi alishika jibu la kwanza, adhuhuri limekwisha toka. Aliweka la pili mahali pa la tatu. Pumzi ilikatika katikati ya neno, akapumzika, akarudi mwanzo kabisa badala ya pale alipoishia. Nimewafundisha vijana wenye kiburi na wenye usingizi, lakini hakuna aliyenichosha kama yeye. Nilikuwa nainuka naenda mpaka barabarani, natazama pikipiki zinavyopita na mikungu ya ndizi, narudi. Mama mdogo alizishika zote tatu kabla ya mgonjwa, bila kufundishwa, akawa anazisema jikoni. Mama alikasirika akamwambia asiibe.

Siku ya safari ikafika. Sanduku lilikuwa mlangoni, mwenye pikipiki amezima mashine anangoja, na mama alikuwa bado anaikosea sentensi ya tatu. Nilikuwa nimesimama, begi begani. Akaniomba tuirudie. Tukairudia, akakosea. Akaniomba tena. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilimwambia kwa ukali kwamba hana haja na haya yote, majibu anayajua kwa Kiarabu tangu akiwa msichana, baba mwenyewe alimfundisha, na siku ikifika mwalimu atamsomea talkini kama watu wote. Anaogopa nini?

Mama alisubiri pumzi yake irudi.

“Mimi siogope,” akasema. “Yangu niko najua. Hii njo ya baba yako. Yeye hawakumuambia. Nikifika nitamutafuta, nimuambie.”

Mama mdogo aliacha kupepeta.

“Miaka hii yote, mama?” nikauliza. “Unafikiri bado wanamngoja?”

“Baba yako iko na maneno mingi. Labda hawajamaliza naye.”

Niliweka begi chini. Nilikaa kwenye mkeka, karibu na godoro, nikazivuta khanga zake nikamfunika miguu, na tukaanza upya kutoka Alaha. Mwenye pikipiki alipiga honi mara kadhaa, kisha mama mdogo akatoka akazungumza naye, na pikipiki ikaondoka. Baadaye ndege ilipita juu ya mto. Wakati wa vita, ndege ikisikika tulikuwa tunakimbia, kwa sababu hakuna aliyejua inaleta chumvi au askari. Nilianza kuinuka, kama siku zote. Mama aliweka mkono wake uliovimba juu ya goti langu na hakuacha kusema. Nbiya. Ktaba. Nilimrekebisha alipokosea.

Alizijua zote siku chache kabla ya kufa. Alizisema mbele yangu na mama mdogo, moja, mbili, tatu, bila kukosea, akaniuliza kama baba atamwelewa kwa lafudhi hiyo. Nilimwambia hata watawa wa jangwani wangemwelewa. Alifurahi waziwazi, akaomba chai.

Alikufa saa ya adhuhuri. Wanaume walimbeba, sisi tukabaki nyumbani kama desturi ilivyo. Nilimpenda sana, na nilidhani nikibaki na hilo ndani ya nyumba nitapasuka, nitatoka nikimbie mpaka mtoni. Nilikaa mkekani pale pale barazani, nikanyoosha miguu, nikasikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikia ila kuku na redio ya jirani. Wanaume walikawia, tukaanza kupakua chakula wakiwa bado huko. Mwishowe nikawaona kwenye kona wanakuja polepole, kila mtu na viatu vyake viwili, wanazungumza. Yule mwanafunzi mkubwa wa baba, sasa mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni.

“Tumemaliza, mama,” akasema.

Nikamshukuru, nikasogea upande mmoja wa mkeka ili naye apate pa kukaa.